Madhumuni ya Safari

Kitabu cha safari za gari letu kilikuwa na jalada gumu la buluu, limepauka upande mmoja kwa kuchomwa na jua juu ya dashibodi. Dereva alikifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili kurasa zisipeperuke. Ndani kilikuwa na safu nane, naye alizijaza zote kwa mwandiko wa mtu aliyesoma shule za zamani: tarehe, alikotoka, alikokwenda, kilometa za kuanzia, kilometa za kuishia, lita za mafuta, madhumuni ya safari, sahihi.

Nilikifungua usiku mmoja wa Aprili 2012, katika nyumba ya wageni mjini Shinyanga, mvua ikipiga bati. Sababu yangu haikuhusiana na tabianchi hata kidogo. Mhasibu wa mradi alikuwa amenipa siku mbili nirejeshe masurufu. Lita za kwenye risiti zilitakiwa zilingane na kilometa za kitabuni, na aliyesaini kuchukua fedha ni mimi. Nikawasha taa, nikaanza kujumlisha.

Upande wa kushoto wa meza nilipanga risiti za dizeli. Upande wa kulia zilikaa fomu za miti, maana kazi iliyotuleta ilikuwa kukadiria kiasi cha hewa ukaa kilichohifadhiwa katika ngitili, yaani malisho ya hifadhi, za vijiji kadhaa vya Shinyanga na Kahama. Hesabu yake si ngumu. Unapima kipenyo cha mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kisha unapima urefu. Mgunga wenye kipenyo cha sentimeta 10, ule unaoweza kuuzungushia viganja viwili, ukikaushwa unatoa kilo kama 20 juu ya ardhi. Chini kidogo ya nusu ya uzito huo ni kaboni. Zidisha kaboni hiyo kwa 3.67, na unapata hewa ukaa ambayo mti umeivuta angani tangu uchipue: kilo 34 hivi.

Lita moja ya dizeli nayo, ikiungua, hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa. Namba hiyo nilikuwa nayo kichwani tangu chuoni, ila sikuwahi kupata pa kuitumia. Usiku ule kikokotoo kilikuwa mkononi tayari, jumla ya lita ilikuwa mbele yangu, na vidole vilizidisha kabla sijafikiri. Kila gari lilikuwa limetembea kilometa 3,800 kwa wiki tatu: Dar es Salaam hadi Shinyanga, kilometa 1,000 hivi, na safari nyingine zote zilizofuata. Kwa lita 15 kila kilometa 100, gari moja lilikunywa lita 570. Magari yalikuwa mawili. Tani tatu na ushei za hewa ukaa.

Nikagawanya kwa 34. Miti tisini. Migunga tisini ya unene ule, iliyovuta hewa kwa miaka kadha wa kadha ya kiangazi na masika, sisi tulikuwa tumeirudisha angani kwa wiki tatu ili tujue imevuta kiasi gani. Hapo bado sijagusa tiketi ya ndege ya mtaalamu aliyetoka ng'ambo kuja kutuonyesha namna ya kushika tepu.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Nimekua nikichochea moto kwa mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, kwa sababu kuni hazikuwapo. Mama alikuwa na msemo wake kwamba mti pekee tunaouona ni nguzo ya simu. Miti ya kwetu ilikatwa kwa awamu, na kila awamu ilikuwa na sababu iliyoonekana njema kwa waliokata: mbung'o wafukuzwe, mashamba ya pamba yapanuliwe, kisha katika miaka ya 1970 watu wahamishiwe kwenye vijiji vya ujamaa, mbali na ngitili zao. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikikolea nyasi ziwe bado zimesimama. Ukiwahamisha watu, nani atazilinda? Zikafa moja moja.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu aliuita HASHI, serikali ikishirikiana na Norway na baadaye na wataalamu wa kilimo-misitu wa ICRAF. Nilikuwa darasa la tatu. Mwanzoni walipanda miche, mingi ikafa kwa ukame na mchwa. Kilichofanikiwa kilikuwa kile wazee walichokijua siku zote, kufunga ardhi na kuiacha. Visiki vilivyoonekana vimekufa vilikuwa na mizizi hai. Dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, ulipanga sheria na faini, sungusungu wakasimamia. Mwanzoni ngitili zilizobaki zilikadiriwa hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Nimeona mabadiliko hayo kwa macho yangu, likizo hadi likizo, nikitoka shule ya bweni na kukuta kilima nilichokiacha cheupe kina ukungu wa kijani.

Ndiyo maana miti tisini haikuwa namba ya mezani kwangu. Najua miti tisini imegharimu nini. Imegharimu mvulana aliyechapwa kwa kuingiza ndama, na mjane aliyelipa faini ya mbuzi kwa mzigo wa kuni.

Sikulala. Nilirudi kwenye kitabu cha dereva, safari hii sikusoma kilometa. Nilisoma safu ya saba.

"Shy – Mza – Shy: kufuata betri za GPS." Kilometa zaidi ya 320 kwa betri zinazoenea kiganjani. "Shy – Kahama – Shy: kusaini kitabu cha wageni." "Kahama – Shy – Kahama: kuchukua fomu zilizosahaulika." Fomu hizo nilizisahau mimi, juu ya kitanda. "Shy – Dar: kumpeleka mtaalamu uwanja wa ndege." Uwanja wa ndege wa Mwanza ulikuwa umbali wa asubuhi moja, lakini mtaalamu alikuwa amekatiwa tiketi ya kuondokea Dar, na hakuna aliyeuliza. Mara tatu katika wiki tatu dereva alikuwa ameandika: "Kuvuta gari la pili."

Hiyo ya mwisho inahitaji maelezo kwa asiyeijua nchi ya mbuga. Udongo mweusi wa kwetu ukilowa hushika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Hakuna anayeingia mbugani masika na gari moja, kwa hiyo bajeti yetu ilikuwa na magari mawili, la pili likiwepo ili livute la kwanza. Nikajiuliza kwa nini tuko mbugani mwezi wa Aprili. Tulikuwa tunapima miti, si nyasi. Shina la mgunga lina kipenyo kilekile Julai, barabara ikiwa ngumu kama saruji. Jibu lilikuwa kwamba fedha ziliingia Februari na zilitakiwa ziwe zimetumika kufikia Juni. Kalenda ya mwaka wa fedha ndiyo iliyotupeleka matopeni, nasi tukaiita ratiba ya utafiti.

Asubuhi nilimwonyesha dereva hesabu yangu. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, nikimwita Kaka, naye akiniita Daktari hata kabla sijaupata udaktari wenyewe. Alisoma polepole, kisha akafungua kitabu nyuma kabisa, kwenye kurasa zisizo na safu. Huko alikuwa ameandika kwa penseli safari alizoziona hazina maana. Hakuwa amehesabu hewa ukaa. Alihesabu tairi na siku mbali na watoto wake. Orodha yake na yangu zilikaribia kuwa moja.

"Mbona hukusema, Kaka?"

"Daktari, dereva haulizwi safari ni ya nini. Anaulizwa mafuta yamekwenda wapi."

Tangu siku ile sijapanga kazi ya uwandani bila dereva kuwa mezani. Kati ya yote niliyojifunza kuhusu kupunguza moshi wa utafiti, hilo limeokoa lita nyingi kuliko mengine yote.

Mengine yalitaka hesabu zaidi. Andiko la mradi lilisema tutapima ploti 120. Kwa nini 120? Kwa sababu mradi uliotangulia ulipima 120. Takwimu zina kanuni moja ambayo kila mwanafunzi huisoma na wengi wetu huisahau tukishapata gari: ukitaka kupunguza kosa la makadirio kwa nusu, sharti uongeze vipimo mara nne. Maana yake, ploti thelathini za kwanza zinakufundisha mengi, zinazofuata zinakufundisha kidogo, na za mwisho zinakula dizeli ileile ya za kwanza. Msimu uliofuata tulipima ploti 30, tukaangalia zinatofautiana kiasi gani, tukagawa ngitili kwa umri wake, na ndipo tukaamua zilizobaki. Hazikufika 70. Tulisaidiwa na picha za setilaiti za Landsat, zinazotolewa bure tangu mwaka 2008, ambazo zilituonyesha ni ngitili zipi zinafanana kiasi kwamba hakuna haja ya kwenda kote.

Kuna jambo ambalo bado linaniumiza kuliko ploti. Kuanzia mwaka 2010 Shinyanga ilikuwa na mradi wa majaribio wa MKUHUMI, ule mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji miti. Uliendeshwa na shirika la TaTEDO kwa fedha za Norway, na wanavijiji walifundishwa kupima miti yao wenyewe. Tepu walizijua, fomu walizijua. Katika kijiji kimoja tulichofika, vijana wawili na mama mmoja walikuwa tayari wamefuzu. Mimi niliwapa kazi ya kufyeka njia na kubeba vifaa, vipimo vikachukuliwa na wasaidizi niliotoka nao Dar. Yule mama alisimama nyuma ya msaidizi wangu, akamwambia kwa upole kwamba ameweka tepu chini ya kimo, kwa kuwa mti umeota mtelemkoni na kimo hupimwa kutoka upande wa juu. Alikuwa sahihi. Tulirudia ploti nzima.

Mwaka uliofuata tulilipa vijana wa vijijini wapime kwa baiskeli, mimi nikarudia ploti moja katika kila kumi ili kuhakiki. Tulitumia gari moja, mwezi wa Julai. Dizeli ilishuka kutoka lita 1,140 hadi 400 na kidogo. Vipimo vyao vilitofautiana na vyangu pungufu ya vile wasaidizi wangu wa mjini walivyotofautiana wao kwa wao.

Nilipoanza kuzungumza haya kwenye mikutano, mwenzangu mmoja ninayemheshimu aliniita pembeni. Akaniuliza kama nimewahi kusimama Geita nikaangalia magari ya mgodini, yale yanayobeba zaidi ya tani mia za mawe kwa mkupuo, mchana na usiku. "Wewe unahesabu Land Cruiser mbili?" Hoja yake ina uzito. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na mafuta yanayochomwa kwenye ukanda ule kwa siku moja yanaweza kuendesha tafiti za maisha yangu yote. Lakini mgodi hauji kwenye dagashida kumwambia mjane asichome mkaa. Sisi ndio tunaokuja. Tunasimama mbele ya watu waliojinyima kuni ili kilima kirudi, tunawaeleza uzito wa hewa ukaa, na gari liko nyuma yetu linanguruma ili kiyoyozi kisizime.

Mwenzangu aliongeza jingine, na hapo nakubaliana naye. Mtanzania wa kawaida, ukijumlisha mafuta, umeme na viwanda, hafikishi nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Taasisi ya Max Planck ya elimu ya nyota iliyoko Heidelberg, Ujerumani, ilijipima kwa mwaka 2018 na kukuta tani 18 kwa kila mtafiti, karibu nusu yake ikiwa ni ndege. Nawaheshimu kwa kujipima hadharani. Wafaransa nao wana mtandao wa watafiti ulioanza mwaka 2019, Labos 1point5, unaowapa maabara chombo kimoja cha kujipimia, ili namba za taasisi moja zilingane na za nyingine. Ila mzigo haulingani. Mwanafunzi wangu aliyepanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kuwasilisha kazi yake Ulaya alitumia kama tani mbili, na sitamwambia abaki nyumbani ili kufidia waliokwisha kupanda mara mia. Anayetakiwa kupunguza safari ni yule anayekuja mara tano kwa mwaka kusimamia kazi ambayo watu wa hapa wanaiweza. Mara nyingi anayetuletea somo la kupunguza ni huyohuyo.

Kwa upande wetu lipo ambalo hatulisemi kwa sauti, nalo ni posho. Mshahara wa mtafiti kijana ni mdogo, na siku za safari ndizo zinazolipa ada za watoto. Nimeona warsha ya siku moja ikinyooshwa kuwa tatu, na matokeo ya kijiji cha Kahama yakipelekwa kuwasilishwa kwenye hoteli ya Arusha. Nimekula posho hizo. Ukitaka watu wapunguze safari, walipe vizuri wakiwa ofisini. Bila hivyo hakuna kikokotoo kitakachosaidia.

Sasa niseme habari ya friza, maana Geita ndiko nilikojifunza kwamba moshi mzito wa utafiti hautokani na gari.

Mwaka 2016 nilijiunga na utafiti wa zebaki katika machimbo madogo ya dhahabu. Anayejua Nyarugusu au Rwamagasa anaijua kazi yenyewe: mawe yanatoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa kwenye mwalo, kisha zebaki inamiminwa ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki inaruka kama mvuke, dhahabu inabaki, na mara nyingi moto huo uko jikoni. Tulikusanya samaki, tope la mialoni, na nywele za wakazi. Tuliporudi Mwanza tulipanga foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, injini ikiwaka muda wote ili baridi isipungue garini. Daraja la pale lilizinduliwa Juni 2025, na kila nikipita juu yake nakumbuka foleni zile na makasha yetu ya sampuli.

Sampuli zote ziliingia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri katika taasisi moja ya Kanda ya Ziwa. Friza kama hiyo hula yuniti 20 hivi za umeme kwa siku. Umeme ulikatika mara kwa mara, na ukikatika jenereta ya jengo zima iliwashwa kwa ajili ya friza peke yake. Mlinzi alimimina dizeli kutoka kwenye dumu la lita 20 kwa mrija, usiku, akiwa ameshika tochi kwa meno. Nilihesabu siku moja yenye saa sita za giza: friza ilihitaji yuniti tano, jenereta ikanywa lita 15. Kilo 40 za hewa ukaa. Ni sawa na kuwasha lori kupeleka barua moja.

Fedha za mradi ziliisha kabla sampuli hazijapimwa. Hilo hutokea. Kiongozi wa mradi akahamia kazi nyingine, mpango wa kupeleka sampuli Ulaya ndani ya barafu kavu ukafa, na friza ikaendelea kuunguruma. Miaka mitatu.

Mwaka 2019 niliomba ruhusa ya kuifungua na kuandika kilichomo. Nilivaa glavu mbili mbili, nikatoa sanduku moja moja. Robo ya vichupa haikuwa na lebo inayosomeka, wino umekufa kwa unyevu. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliogandamana na ukuta wa barafu, nilikuta bahasha za nywele. Niliipasua barafu kwa mpini wa kijiko. Ndani yake, kila shungi limefungwa uzi upande wa kichwani, kama itakiwavyo.

Nywele hazihitaji baridi. Ziweke kavu kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya droo, na zebaki iliyomo itakaa palepale kwa miaka. Kila aliyesomea jambo hili anajua, na mimi nilijua. Lakini kwetu neno sampuli na neno friza yamezoeana mno, na mtu aliyepewa kasha lenye vitu mchanganyiko aliweka vyote mahali pamoja. Kwa miaka mitatu mlinzi alishika tochi kwa meno ili nywele zisipate joto.

Tulichofanya baadaye hakikuhitaji teknolojia. Tope tulilikausha. Samaki tukawahamishia kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Vichupa visivyojulikana tukavitupa kwa utaratibu wa taka za maabara, na siku hiyo sikula. Sampuli za wenzetu zilizokuwa humo na kuhitaji baridi kali tukazihamishia kwenye friza nyingine ya taasisi, tukaipandisha kutoka nyuzi 80 hadi 70 chini ya sifuri, jambo ambalo maabara nyingi duniani zimelijaribu bila kudhuru sampuli na ambalo hupunguza umeme kwa karibu theluthi. Yetu tukaizima. Ukimya wa chumba kile ulinishtua.

Wiki chache baada ya hapo nilirudi kwenye kijiji kimoja cha machimbo, kueleza kwa nini hatukuleta majibu. Nilimkuta mama mmoja anayeosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, mikono imepasuka kwa maji na mchanga. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia ndani na kutoka na mfuko wa plastiki anamoweka kadi ya kliniki. Ndani yake zilikuwa karatasi nne za ridhaa, za timu nne tofauti, miaka tofauti, kila moja na dole gumba lake la wino. Karatasi yetu ilikuwa ya tatu. Wote walikuwa wamemkata nywele au kumchukua mkojo. Wote walikuja na gari.

"Mwanangu," akaniambia, "nywele zangu zimesafiri kuliko mimi. Zimesemaje?"

Nilizijumlisha safari hizo nikiwa njiani kurudi. Timu nne, maswali yanayofanana, kijiji kilekile. Kama ya kwanza ingeacha majibu yake pale kijijini na takwimu zake mahali ambapo wenzake wanaweza kuzisoma, ya pili ingeuliza swali jingine, na ya nne pengine isingekuja. Hakuna friza ya nyuzi 70 wala safari ya Julai inayoweza kufidia kazi iliyofanywa mara nne bila kumalizika hata mara moja.

Nywele zile, bahasha 61, ziliingia zote ndani ya boksi la viatu. Nilisafiri nazo kwa basi, boksi likiwa mapajani, hadi maabara iliyokubali kuzipima kwa bei ya dawa za kupimia tu. Majibu yalipotoka nilirudi Geita.

Nilimsomea yule mama kipimo chake mwenyewe. Hakikuwa kikubwa cha kutisha. Ilinibidi nimweleze pia kwamba nywele husema zaidi habari ya samaki anaokula, na kwamba mvuke wa donge linalochomwa huonekana vizuri zaidi kwenye mkojo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza habari ya mjukuu wake, anayelala kwenye chumba kile ambamo baba yake huchoma dhahabu. Hakuna timu hata moja iliyompima mtoto. Fomu zote zilikuwa zimeandikwa watu wazima.

Nina kitabu changu sasa, chenye safu nane nilizoziiga kwa Kaka, ambaye amestaafu na analima mpunga. Jioni ile, kwenye kibanda cha kusubiria basi, niliandika tarehe, nilikotoka na nilikokwenda. Lita za mafuta niliandika sehemu yangu ya basi, ndogo. Kwenye safu ya saba niliandika "Kupeleka majibu," na chini yake, kwa safari itakayofuata, "Mtoto, mkojo, chupa moja."